Waini ya bei ya kawaida, kutoka mahali usipopategemea, iliyokushangaza: tupeane uzoefu

Mama Bwiru
Mwangaluka wakuu. Jana nilikuwa kwenye sendofu Kirumba, nikaona kitu kilichonirudisha nyuma miaka minane. Meza ya wazee imepangwa chupa za Kifaransa zenye majina marefu, kila mtu anamimina kidogo halafu anaitazama glasi kama kapewa dawa ya minyoo. Meza yetu ya nyuma, shemeji alikuwa kaficha chini ya kitambaa chupa nne za Dodoma, nyeupe, za baridi. Ziliisha kabla emsii hajaita keki. Mzee mmoja wa meza kuu alihamia kwetu na kiti chake.

Nikakumbuka siku ya posa yangu. Baba watoto, Mungu amsamehe, alitoa 85,000 kwa chupa moja ya Bordeaux, ya Ufaransa, kwenye duka fulani mjini. Chupa ilikuwa imekaa dirishani, jua la saa nane linaipiga, sijui tangu lini. Tukaifungua mbele ya wazee, harufu ya siki ikajaa sebule. Baba yangu akaonja, akameza kwa adabu, akauliza, "Hii ndiyo wanayokunywa Wazungu?" Akaomba soda.

Wiki hiyohiyo jirani aliyehamia kutoka Dodoma akaniletea chupa ya 12,000. Nilikuwa na sato wa kukaanga, ndimu na pilipili mbuzi. Wakuu, nilikaa kimya. Nikageuza chupa kusoma imetoka wapi, kumbe imetoka njia ya basi ninalopanda kila Desemba.

Haya, leteni zenu. Waini gani ya bei ya kawaida, kutoka mahali pasipo na jina, ilikufanya ugeuze chupa?

Kaka wa Mwaloni
Mzee aliyehama na kiti ni mimi.

Kaka wa Mwaloni
Natania. Ila ningekuwepo ningehama.

Jiwe Juu ya Jiwe
Mama Bwiru umenigusa. Nilifanya kazi mgodini Geita na jamaa wa Georgia. Siyo Georgia ya Marekani, ni ile nchi ya milima ya Caucasus, kusini mwa Urusi. Alikuwa hanywi bia yetu, anasikitika tu. Siku aliyorudi likizo akaja na chupa ya waini yenye rangi ya chungwa. Nikadhani juisi ya embe imelala.

Akanieleza kwao zabibu nyeupe hawazikamui na kutupa maganda. Wanatia vyote, juisi na maganda, kwenye mtungi mkubwa wa udongo uliozikwa ardhini hadi shingoni, wanafunika, wanasubiri miezi. Mtungi wanauita qvevri. Anasema kwao wamekutwa na mabaki ya waini ya miaka kama 8,000 iliyopita, wakati huo Wafaransa hawajaanza kujisifu. Mimi nikamwambia bibi yangu Ukerewe naye alikuwa na mtungi, ila ule haukufikisha hata siku nne kabla wazee hawajaumaliza.

Funda la kwanza nilichukia. La pili nilinyamaza. La tatu nililinywa na dagaa wa kukaanga wenye chumvi, hapo nikaelewa kwa nini jamaa alikuwa anasikitika. Inakauka mdomoni kama chai ya rangi iliyokolea, halafu dagaa wanaifungua. Bei aliyoinunulia kwao ni chini ya kreti ya bia hapa. Mpaka leo sijaiona tena dukani.

Sato Mkubwa
Waini ya chungwa na dagaa. Geita kuna mambo.

Mgogo wa Igoma
Niko Mwanza mwaka wa kumi na moja, ila mimi ni wa Mpunguzi, nimekua nikibeba ndoo za zabibu kichwani kabla ya kwenda shule. Mnaposifia Dodoma mjue mnasifia mgongo wa mama yangu.

Watu wengi hawajui kwamba mzabibu wa kwetu unavunwa mara mbili kwa mwaka. Ulaya baridi inaulaza usingizi, mavuno ni mamoja. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima mwenyewe ndiye anauamuru: anakata matawi, mti unaanza upya. Mavuno ya kwanza ni mwanzoni mwa mwaka, kama mwezi wa tatu, mengine mwezi wa nane kwenda wa tisa. Haya ya kiangazi ndiyo matamu, maana mvua haipo ya kuzizimua. Wenye kujua wanayagombania.

Nyeupe nyingi mnazokunywa ni Chenin Blanc. Nyekundu ni Syrah na ile tunayoiita Makutupora, jina la kijiji chenye kituo cha utafiti wa zabibu. Ukienda Hombolo utakuta na mbegu za Kitaliano, Aglianico na Teroldego. Siyo juisi ya kuchanganya na spiriti. Ni mizabibu.

Na bei yake ni ndogo siyo kwa sababu ni mbaya. Ni kwa sababu zabibu haisubiri. Ikiiva, mnunuzi akichelewa wiki moja inaozea mtini, na mnunuzi anajua. Nimemwona baba akiuza kwa bei aliyotajiwa, hakujibu neno, akaenda kukaa chini ya mbuyu mpaka jioni. Mkinunua msipige kelele ya punguzo.

Mama Bwiru
Mgogo umenifanya nione aibu. Jana shemeji alipunguziwa elfu mbili akashangilia.

Sato Mkubwa
Haya yote sawa, ila naona vijana siku hizi wanaweka waini NYEKUNDU kwenye friji. Nyekundu inanywewa kwenye joto la chumba. Huo ndio utaratibu.

Mgogo wa Igoma
Chumba cha nani, mkuu? Waliosema hivyo walikuwa na vyumba vya mawe vya Ulaya, nyuzi 16, 18. Wewe chumba chako Igogo kina bati, saa tisa alasiri unaweza kukaangia yai. Weka friji nusu saa, toa, kunywa.

Sato Mkubwa
Bati langu limekukosea nini?

Chifu Kiazi
Mimi naweka barafu kabisa. Vipande vitatu.

Sato Mkubwa
Weka na sukari basi, uchemshe uji.

Chifu Kiazi
Naweka na soda pia, hela yangu. Na usinitishe, kule Hispania kwa Wabasque wanachanganya waini nyekundu na kola nusu kwa nusu, wanaiita kalimotxo, na hawajakuomba ruhusa.

Jiwe Juu ya Jiwe
Hapo kwa kalimotxo kasema kweli.

Sato Mkubwa
Nimetoka kwenye uzi.

Dumu la Ishirini
Wakuu mimi huwa nasoma tu, ila hii ya Dodoma imenitoa mafichoni. Nina miaka sita sijaisimulia hii.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa anabatizwa. Nikaona ninunue chupa kwa wageni sitini? Nitafilisika. Nikiwa Dodoma kikazi nikapelekwa kwa mzee mmoja anayetengeneza mwenyewe nyumbani, nikanunua dumu la lita ishirini, nyekundu. Mzee akaniambia maneno ambayo sikuyatilia maanani: "Mwanangu, hii bado inapumua. Usikaze kifuniko."

Alfajiri stendi, konda ananiambia dumu halipandi bila kufungwa vizuri, litamwagikia abiria. Nikakaza. Konda hakuridhika, akaleta nailoni, akakaza tena, akafunga na mpira wa tairi la baiskeli. Likawekwa chini ya kiti changu.

Singida nikasikia dumu linalalamika, kiii, kiii. Nikadhani ni kiti. Igunga nikaligusa kwa mguu, limevimba kama tumbo la mbuzi aliyekula mahindi mabichi. Jua lilikuwa kali, madirisha hayafunguki vizuri. Nikamwita konda, akaniambia tulia kijana, Nzega tunachimba dawa. Nzega tukachimba dawa, dumu likasahaulika. Na mimi nilisahau, sikatai.

Tumeiacha Nzega, tunaitafuta Tinde. PUUUU!

Basi zima lililala chini. Dereva alidhani tairi, akashika breki. Nikafungua macho naona dari la basi jekundu, linadondoka. Bibi mmoja akajipangusa uso, akatazama kiganja, akapiga yowe: "Damu! Tumekufa!" Watu wakaanza kujipapasa wanatafuta walipoumia. Kiti cha mbele yangu alikuwa mchungaji, suti rangi ya krimu, anakwenda kuhubiri Shinyanga. Nyuma yake yote, kuanzia kisogo hadi kiunoni, waini.

Tukashuka wote porini. Hakuna aliyenipiga, sijui kwa nini. Nafikiri ile harufu iliwalegeza. Tulipofika Tinde trafiki akaingia ndani ya basi, akavuta pua, akageuka taratibu, akamwambia dereva ashuke apulize kipimo. Dereva mlokole, hajawahi hata kunywa togwa. Akapuliza mara tatu, sifuri. Trafiki akaanza kukitikisa kile kipimo.

Nililipa 40,000 ya suti. Nyegezi nilishuka na lita kama tano zilizobaki chini ya dumu.

Sasa hapa ndipo nakuja kwenye mada. Zile lita tano, zilivyotulia siku tatu kwangu, nikazichuja kwa kitambaa, zilikuwa waini bora kuliko yoyote niliyokunywa mpaka leo. Wageni wa ubatizo walipata vijikombe vidogo kama vya kahawa. Wote waliuliza jina lake.

Kaka wa Mwaloni
NIMELIA. "Akaanza kukitikisa kile kipimo."

Chifu Kiazi
Hii ni chai, tena ya maziwa. Dumu haliwezi kupasuka basi zima likalowa.

Mgogo wa Igoma
Siyo chai. Hamira inakula sukari ya zabibu, inatoa pombe na gesi. Kama sukari haijaisha, gesi inaendelea. Ukiziba, inatafuta njia. Wanaotengeneza shampeni wanaifungia gesi hiyo makusudi, ndiyo maana chupa zake nene na kizibo kimefungwa waya. Yeye alitengeneza shampeni kwenye dumu la mafuta ya kula.

Chifu Kiazi
Bado nasema chai.

Dumu la Ishirini
Chifu, njoo nikuonyeshe shati.

Mama Bwiru
Mchungaji alisemaje lakini?

Dumu la Ishirini
Alikaa kimya mpaka Tinde. Halafu akasema Kana ya Galilaya maji yaligeuka divai, leo ni suti. Akaniombea. Ila 40,000 alipokea.

Shangazi wa Bukoba
Naona mmesahau ng'ambo ya ziwa. Rubisi yetu ya ndizi na mtama ni waini ya Kagera na haijawahi kuhitaji kibandiko. Pasipo na jina ndiyo kwetu.

Jiwe Juu ya Jiwe
Shangazi, kwa heshima, waini ni zabibu.

Shangazi wa Bukoba
Nani kasema? Rozela je? Akina mama wanauza waini ya rozela kila maonyesho, unaipanga foleni.

Jiwe Juu ya Jiwe
Nimesema kwa heshima.

Binti Ukara
Samahani nawaingilia. Jumamosi nakwenda kumsalimia baba mkwe mtarajiwa, Pasiansi. Ni mtu wa waini, ana kabati. Nina 30,000. Ninunue nini nisiaibike kama Mama Bwiru?

Kaka wa Mwaloni
Mbuzi.

Jiwe Juu ya Jiwe
Tafuta Carmenere ya Chile, waini nyekundu. Na ina stori ya kumsimulia: ilikuwa zabibu ya Bordeaux, wadudu wakaimaliza mizabibu ya Ulaya, watu wakaizika. Kumbe Chile ilikuwa shambani imechanganyika na zabibu nyingine ya Merlot, wenyewe wanaiita Merlot, mpaka mwaka 1994 mtaalamu Mfaransa alipopita akaitambua kwa majani. Wazee wanapenda stori ya aliyedhaniwa amekufa.

Shangazi wa Bukoba
Usimpelekee mkwe stori za waliokufa siku ya kwanza.

Sato Mkubwa
Nimerudi kidogo tu. Chenin Blanc ya Afrika Kusini. Asili yake Ufaransa, bonde la Loire, ila sasa Afrika Kusini ndiyo wanayo nyingi kuliko nchi yoyote, ndiyo maana bei haiumi. Na USIWEKE BARAFU.

Chifu Kiazi
Peleka boksi la lita tatu, abaki na cha kunywa. Chupa moja mkwe anaimaliza kabla hujaketi.

Sato Mkubwa
Boksi kwa mkwe?!

Mama Bwiru
Mwanangu, usiwasikilize hawa. Chukua Dodoma mbili, nyeupe moja, nyekundu moja, zinatosha kwenye bajeti yako na nauli inabaki. Ila chagua duka lenye kivuli, omba chupa iliyolala ndani, siyo ya dirishani. Soma kibandiko kiseme zabibu, maana kuna vichupa huko mtaani vinaitwa waini ni spiriti yenye rangi. Na uliza mwaka. Nyeupe ya bei ya kawaida haitunzwi kama dhahabu, ya mwaka juzi inatosha.

Mgogo wa Igoma
Na usiombe punguzo.

Binti Ukara
Nimewasikia. Nimechukua Dodoma mbili. Sikuomba punguzo, Mgogo.

Binti Ukara
Wakuu haraka. Niko Pasiansi. Baba mkwe amefurahi sana, ametaka tuifungue nyeupe sasa hivi. Opena yake imevunjika, kizibo kimekatikia nusu ndani. Nafanyaje?

Chifu Kiazi
Tia kitako cha chupa ndani ya kiatu, gonga ukutani taratibu. Kitatoka chenyewe.

Sato Mkubwa
USIGONGE. Chupa itapasuka mbele ya mkwe.

Jiwe Juu ya Jiwe
Skrubu na koleo.

Dumu la Ishirini
Mimi sina la kushauri kuhusu vifuniko.

Shangazi wa Bukoba
Kisukume ndani kwa mpini wa mwiko, mimina polepole. Kizibo hakina sumu.

Mama Bwiru
Binti, imekuwaje?

Binti Ukara
Kimezama. Baba mkwe amekiona kinaelea ndani ya chupa, anauliza ndivyo Dodoma wanavyoiunga? Nimemjibu ndiyo. Anakunywa cha pili.