Vidudu vyeusi vyenye mabaka meupe kwenye maua ya hoho: nipulizie au niache?

Mkulima wa Ilula:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nina hoho robo eka hapa Ilula, zimeanza maua. Kila nikifunua ua nakuta vidudu viwili vitatu, saizi ya punje ya ufuta, vyeusi, mgongoni vina mabaka meupe, vinakimbia sana. Jana kimoja kimenichoma mkononi kama sindano. Muuza pembejeo kasema ni thripsi, wale wadudu waharibifu, kanipa dawa. Chupa iko ndani sijaifungua, roho inasita. Nisaidieni kuvitambua.

Mzee wa Mbozi:
Piga dawa mapema kijana. Mwaka jana nilichelewa, hoho zote zikatoka na makovu.

Binti Uyole:
Shikamoo mzee wangu. Naomba tumsubirishe kidogo. Thripsi ni mwembamba kama kipande cha uzi, na mabawa yake yana nywele pembeni kama unyoya. Huyu anayeelezwa hapa nadhani ni Orius, kunguni mdogo mwindaji anayekaa kwenye maua.

Kaka, kung'utia maua kwenye sahani nyeupe uangalie vizuri. Orius ana milimita 2 hadi 3, umbo la yai lililobanwa. Bawa lake upande wa mbele ni gumu na limepauka, nyuma linaishia na utando mwembamba, na yote mawili yamelala bapa yakipishana. Mgeuze chali: mdomo ni kama sindano, umekunjwa chini ya kichwa kuelekea miguuni. Ndio anaochomea mawindo na kufyonza. Tafuta na watoto. Hawana mabawa, wana umbo la tone, njano kuelekea chungwa.

Mkulima wa Ilula:
Dada, nimekung'uta maua 10 asubuhi hii. Mdomo upo! Na vitoto vya chungwa vipo, macho mekundu kabisa. Kimoja kilikuwa kimemchoma thripsi, kinatembea naye sahanini kamning'iniza. Nimekaa kukiangalia mpaka chai ikapoa. Sasa ni spishi gani?

Binti Uyole:
Basi ni yeye. Jenasi unaweza kuitambua hivyo shambani, ila spishi inataka hadubini, maana hutofautishwa kwa viungo vya uzazi vya dume. Wewe dawa acha, hasa za kundi la pairethroidi, zitawamaliza hao kwanza. Na matawi usiyapogoe ovyo wiki hizi, mayai wanayachomeka ndani ya mmea wenyewe. Kwa joto la kawaida yai hadi mkubwa ni kama wiki tatu, huko kwetu kwenye baridi huchukua zaidi.

Mkulima wa Ilula:
Na kuuma kwake?

Binti Uyole:
Anajaribu tu ngozi. Hanyonyi damu, haambukizi ugonjwa.

Mzee wa Mbozi:
Marahaba binti, nimejifunza. Mbona kwenye nyanya zangu siwaoni?

Binti Uyole:
Nyanya ina vinywele vinavyonata mzee, vinawasumbua kutembea. Hoho wanaipenda kwa sababu ya chavua, wanaila pale thripsi wanapoadimika. Angalia na kwenye ndevu za mahindi yako.