Nitatambuaje tabaka la dhoruba ya kale katika mawe ya chokaa?

Swali

Nachunguza mwamba wa chokaa uliotokana na mashapo ya bahari, ambamo matabaka membamba yaliyojaa vipande vya kombe yanapishana na matope laini yaliyogeuka jiwe. Kila tabaka la kombe limekalia uso uliochimbika, na chembe zake hupungua ukubwa kadiri unavyopanda juu. Nimeelezwa kwamba hizo ni alama za dhoruba, lakini je, haziwezi kuwa za mashapo yaliyoporomoka kwenye mteremko wa bahari?

Jibu la kwanza

Mashaka yako ni ya haki, kwa kuwa mpangilio huo wa chembe peke yake hautoshi: mkondo wa tope unaoporomoka kwenye mteremko nao hutua hivyohivyo, chembe nzito zikitangulia. Tafuta kazi ya mawimbi. Siku za utulivu mawimbi huitikisa sakafu ya bahari katika kina kidogo tu, mara nyingi mita 5 hadi 15, lakini dhoruba huifikia hata pale ambapo kwa kawaida matope hutua bila kusumbuliwa. Huko maji hukwangua sakafu, hupepeta matope na kuacha kombe chini. Nguvu inapopungua, mchanga wa chokaa hujipanga katika vilima vidogo na mabonde yenye miinuko ya taratibu, na hatimaye matope hutua. Ukiona vilima hivyo, au viwimbi (matuta madogo yaliyofinyangwa na maji) vyenye pande mbili zinazolingana juu ya tabaka, basi maji yalikuwa yakienda na kurudi, jambo ambalo mkondo wa mteremkoni haulifanyi.

Jibu la pili

Naongeza ushahidi wa viumbe, ambao naona hupuuzwa mno. Mnyama aliyefukiwa ghafla huchimba njia ya kupanda juu, na njia hiyo ikikata tabaka zima, inaonyesha kwamba mashapo yale yalitua kwa haraka. Mawe ya chokaa ya Ujerumani yaitwayo Muschelkalk, ya kipindi cha Triasiki (zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita), yamechunguzwa sana kwa ajili ya matabaka ya namna hii: karibu na pwani ya kale ni manene na yenye kombe nyingi, na kuelekea kina kirefu huwa membamba na laini zaidi. Kwa hiyo usipime ukali wa dhoruba kwa unene wa tabaka, kwani umbali kutoka pwani nao umo ndani ya unene huo. Aidha, dhoruba ya baadaye inaweza kukwangua sehemu ya juu ya tabaka la awali, na matabaka mawili au matatu yakaonekana kama moja.

Jibu la tatu

Kumbukeni pia nchi kavu ya ukingoni. Mwaka 1960 kimbunga Donna kiliacha tabaka la matope ya chokaa juu ya visiwa vya ghuba ya Florida, mahali ambapo maji ya kawaida hayafiki. Tabaka la dhoruba, basi, si lazima liwe la kombe.

Muulizaji

Nashukuruni. Nimerudi kutazama upande wa juu wa matabaka, ambao sikuwa nimeusafisha, na matatu kati yake yana viwimbi vyenye pande zinazolingana. Katika tabaka nene zaidi kuna mstari wa pili wa kombe katikati, na sasa naona kwamba uso ulio chini yake nao umechimbika.