Chai ya Salma imekatika
(Kikundi: Nyumba ya Bibi Tanga. Salma yupo Leicester, Uingereza)

Salma Leicester: Asalaam alaykum nyote. Shangazi shikamoo. Jamani nipo jikoni, chai ya tangawizi imenikatikia mara ya pili leo. Maziwa nimeyanunua asubuhi, mazima kabisa, lakini yakishika moto tu yanafanya mabonge.

Salma Leicester: [picha]

Mjomba Hamisi: Hiyo si chai, hiyo jibini 😂

Shangazi Rukia: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Tangawizi umeitia saa ngapi?

Salma Leicester: Nimeikwangua nikaitia kwenye maziwa ya baridi, ndo nikawasha jiko.

Shangazi Rukia: Ndo hapo ulipoharibu. Tangawizi mbichi na maziwa hawapatani mpaka ichemke kwanza yenyewe kwenye maji.

Da Mwajuma: Ni kweli, ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Ikitokota vizuri kinakufa.

Shangazi Rukia: [ujumbe wa sauti 3:12]

Idi: Shangazi, mie nipo kwenye daladala, sauti siwezi kufungua. Andika basi.

Shangazi Rukia: Vidole vyangu mnavitafutia balaa. Haya. Maji vikombe 2. Tangawizi kama kidole gumba, ioshe uiponde na ganda lake. Iliki 6 uzipasue, mdalasini kijiti 1, pilipili manga punje 4, karafuu 2. MBILI Salma, hupiki pilau. Funika, iache itokote dakika 10 mpaka nyumba inukie. Tia majani ya chai vijiko 2 vidogo, halafu ndo maziwa vikombe 2. Yakipanda punguza moto, yakishuka yapandishe tena, mara 3 hivi. Sukari mwisho. Chuja.

Salma Leicester: Kinu sina, nitapondea chupa. Na mdalasini wa huku mgumu kama kuni, kwa kijiko haukwanguliki!

Mjomba Hamisi: Huo kasia, binamu yake mdalasini. Huu wetu wa Muheza ganda lake jembamba, limejikunja tabaka kwa tabaka, ukilibana linavunjika. Lako nene, limejikunja mara moja tu, au siyo?

Salma Leicester: Hivyo hivyo mjomba!

Da Mwajuma: Kasia kwenye chai si mbaya, ila usiifanye ya kila siku tena kwa wingi. Ina kemikali iitwayo kumarini kwa wingi, haifai kwa ini.

Mjomba Hamisi: Akija mtu huko nitampa fungu. Nani anasafiri?

Idi: Hivi huko si mnauziwa chai ya viungo kwenye vikombe vya karatasi?

Salma Leicester: Pauni 4 Idi! Na wanaiita "chai tea". Yaani chai chai. Msimu huu majani yanapukutika, kila mkahawa una kinywaji cha viungo vya boga. Nikadhani boga. Kumbe mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu, kwenye viungo vyenyewe boga halimo.

Shangazi Rukia: Wanauziwa jina 🤣

Salma Leicester: Saa za huku zimesharudishwa nyuma kwa majira ya baridi, saa kumi na nusu jioni giza. Baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na mtoto ana kikohozi.

Shangazi Rukia: Maskini mjukuu wangu. Mlambishe asali na ndimu.

Da Mwajuma: Shangazi, samahani, hapo hapana. Ana miezi 7. Asali mpaka atimize mwaka. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtoto mdogo hauziwezi.

Shangazi Rukia: Nyie wote mlilambishwa, na leo mnanijibu kwenye simu.

Da Mwajuma: Ni kweli Shangazi, tumshukuru Mungu. Lakini hospitali tunawakataza wazazi kila siku. Salma, akipumua kwa shida au akikataa kunyonya usingoje, mpeleke.

Salma Leicester: Ananyonya vizuri da Mwajuma, anacheka tu.

Shangazi Rukia: Haya bibi daktari, nimesikia. Basi anywe mama, mtoto apate joto la mama. Salma, unaukumbuka uji wa pilipili manga wa bibi yako? Wa unga wa mchele, tui mwishoni, pilipili manga mpaka pua inafunguka. Alikuwa hampi mzazi kitu kingine asubuhi. Huo ndo wa baridi yako.

Salma Leicester: Naukumbuka, nililia siku ya kwanza 😅

Idi: Na mchaichai je?

Salma Leicester: Upo. Nilinunua mashina dukani nikayatia kwenye glasi ya maji, yametoa mizizi. Nimeyapanda kwenye ndoo, ndani, dirishani. Nje ungekufa kwa baridi.

Mjomba Hamisi: Mtanga hapotei 👏🏾

Salma Leicester: [picha]

Salma Leicester: Shangazi tazama! Haijakatika!

Shangazi Rukia: Mbona nyeupe hivyo? Ongeza majani ya chai.