Naomba ushauri: meli za nyota zipite kasi ya mwanga, ila habari isitangulie

KojaniKwetu:
Assalaam alaykum jamani. Msinicheke. Mwenzenu naandika hadithi ya anga za juu, natuma kipande kipande kwenye grupu la wasapu, wasomaji wanalipa mia tano mia tano, alhamdulillah inakwenda, sasa nimekwama na Ijumaa nadaiwa kipande kipya na usingizi sipati. Iko hivi, kuna sayari mbili, Kasa na Ngalawa, kati yake miaka nuru 12, maana yake mwanga ukitoka huku unafika kule baada ya miaka 12. Nahodha wangu namtaka aende kwa wiki moja. Mtandao wa safari niufanyeje, kuwe na milango mikubwa meli zinapita, au kila meli iwe na mashine yake, au ziwepo njia maalumu tu zinazopitika? Nina sharti moja. Jambo likitokea Ngalawa, watu wa Kasa wasilijue mpaka meli ifike. Basi.

Yakhe_Mtupu:
Miaka nuru 12 kwa wiki moja! Mie juzi nimekaa bandarini Malindi, Unguja, toka alfajiri mpaka jua la utosi boti ya Mkoani, Pemba, haitoki, bahari imechafuka, na ilipotoka tulipofika Nungwi mifuko ya kutapikia ikaisha, jamaa mmoja akaazima kofia ya jirani yake na hakuirejesha. Muulize nahodha wako nauli kiasi gani.

Bi_Mashungi:
Waalaykum salaam. Kwani hadithi za hapa duniani zimekwisha mpaka mwende kwenye nyota? Andika ya karafuu mwanangu, watu wasome wapate kitu.

Ticha_Wete:
Nakujibu mie, nasomesha fizikia. Kasi ya mwanga ni kilomita 299,792 kwa sekunde na toka Einstein aandike 1905 hakijapatikana kinachoipita. Chombo cha anga Voyager 1 kilirushwa 1977, kinakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde, na nyota ya karibu yetu kabisa ukiacha jua, Proxima Centauri, iko miaka nuru 4.2, kwa mwendo ule ingechukua zaidi ya miaka 70,000 kufika. Kwa hiyo mwandishi lazima atafute upenyo, na upenyo unaozungumzika ni miwili.

Wa kwanza ni tundu la anga, ndiyo hiyo milango yako, mdomo huku mdomo kule, katikati njia fupi. Einstein na Rosen waliliandika 1935. Mwaka 1962 wanafizikia Wheeler na Fuller wakaonesha linajifunga haraka mno, hata mwanga hauwahi kupita. Kisha Carl Sagan, mtaalamu wa nyota, alikuwa anaandika riwaya, akamuuliza rafiki yake mwanafizikia Kip Thorne ampitishe vipi mtu salama, Thorne akaingia kwenye hesabu, na 1988 yeye na mwanafunzi wake Morris wakachapisha masharti, kwamba ndani ya tundu kuwe na kitu chenye nishati hasi, yaani iliyo chini ya sifuri, cha kuushikilia mdomo. Kwa hiyo si wewe wa kwanza kuomba ushauri, usione haya.

Wa pili ni wa Miguel Alcubierre wa Meksiko, 1994. Meli imetulia ndani ya povu, anga la mbele linabanwa, la nyuma linatanuliwa, povu zima linasogea. Nao unataka nishati hasi, tena nyingi ajabu. Halafu kuna kasoro moja watu hawaisemi, nahodha aliye ndani hawezi kupeleka ishara ukingo wa mbele wa povu, kwa hiyo hakati kona wala hasimami akitaka.

Sasa mie nakuuliza. Kwa nini hutaki habari itangulie? Maana hapo ndipo pa kuchagulia. Ukiweka milango, mtu yeyote anasimama mdomoni na redio yake, anaongea, kule wanasikia hapo hapo. Mlango unaopitisha meli utaikataliaje sauti?

KojaniKwetu:
Ahsante sana ticha. Ni mambo ya hadithi tu hayo, wewe nipe njia.

Darajani_Online:
Ziko zile chembe pacha, ukiigusa moja huku nyengine kule inajua papo hapo. Tumia hizo kwa simu, umemaliza.

Ticha_Wete:
Chembe pacha hazipeleki ujumbe. Wewe ukipima yako unapata jibu la bahati nasibu, mwenzako naye hivyo hivyo, mpaka mkutane mlinganishe ndio mnaona yanaendana. Na kijana hataki simu, soma swali.

Mzee_wa_Kaskazi:
Wanangu haya si mageni. Babu yangu alikuwa mtu wa majahazi. Kaskazi inavuma toka Disemba mpaka Machi hivi, majahazi yanateremka toka Arabuni na Bara Hindi yamejaa tende na vitambaa, kisha watu wanakaa kungoja kusi iwarejeshe, na wengine wakaoa hapa hapa katika kungoja. Kwa hiyo nakushauri njia zako za anga zitie msimu, zinafunguka upande mmoja miezi kadhaa kisha zinageuka, nahodha akichelewa kachelewa, mpaka mwakani. Hapo hadithi inapata roho. Na habari nayo ilikuwa abiria wa jahazi, haina usafiri mwengine, mpaka 1879 Waingereza walipolaza waya wa telegrafu chini ya bahari toka Aden mpaka Unguja, ndio neno likaanza kumpita mtu njiani. Babu akihadithia, mwaka mmoja ilikuja barua kuwa mjomba wake kafariki Lamu, na aliyeileta ni huyo mjomba mwenyewe, kateremka nayo mkononi, kapewa aifikishe na kusoma hajui. Watu walishaanza kulia na yeye yupo ukumbini anaomba maji.

Bi_Mashungi:
Mzee umenichekesha na uchovu wangu. Lakini mie nimesoma swali mara mbili. Kijana, huyo nahodha kafanya nini huko Ngalawa?

KojaniKwetu:
Bi mkubwa hiyo ni siri ya hadithi, nikisema hapa wasomaji wangu watakimbia.

Bi_Mashungi:
Wasomaji wako hawapo hapa. Mtu haombi dawa akaficha donda. Kafanya nini?

Ticha_Wete:
Kweli, sema. Siwezi kukupangia mtandao sijui unaficha kitu gani.

KojaniKwetu:
Haya. Nahodha ana mke Kasa, wameoana zamani, watoto wapo. Safari zikawa nyingi, akaoa na Ngalawa. Mke wa Kasa hajui bado. Atamwambia mwenyewe, kwa utaratibu, ila lazima afike yeye kwanza, si mtu amtangulie na maneno. Hadithi yote imesimama hapo. Na msiniambie nibadilishe, kipande cha harusi nshakituma, watu wametuma maua na vigelegele, siwezi kuwaambia haikuwepo. Tena nahodha hajafanya haramu, ana uwezo, anahudumia kote.

Bi_Mashungi:
Ndio hapo sasa! Ana uwezo, ana uwezo, kila mmoja ana uwezo mpaka mchele uishe. Uadilifu uko wapi? Zamu anazigawa vipi na yeye wiki nzima yumo njiani?

Darajani_Online:
Tena sayari mbili, siku ya huku si sawa na siku ya kule. Zamu ya usiku mmoja Ngalawa inaweza kuwa siku tatu za Kasa. Mke mkubwa atadai fidia.

Ticha_Wete:
Sasa nimeelewa, na kifizikia ni swali zuri kuliko nilivyodhani. Nahodha angekwenda kwa mwendo wa chini kidogo ya mwanga, saa yake ingepungua kasi, angerudi kijana na wake zake wote wazee. Kwenye povu la Alcubierre hilo halipo, saa ya ndani inakwenda sawa na ya nje, kwa hiyo wanazeeka pamoja, hana kisingizio.

Mtandao wako uwe hivi. Milango usiweke. Kwanza itakupa redio, pili mdomo wa pili wa tundu lazima ubebwe mpaka Ngalawa kwa mwendo wa kawaida, zaidi ya miaka 12. Weka mapovu, kila meli na lake. Redio ya kawaida inabaki na kasi ya mwanga, maana yake habari ya harusi ikirushwa hewani itafika Kasa baada ya miaka 12, hapo watoto wa Ngalawa wako skuli. Kinachowahi ni meli tu. Na kwa kuwa povu haliendeshwi kutoka ndani, njia ziwe zimetandikwa kabla, Mrusi Krasnikov aliwahi kutoa wazo la namna hiyo, meli ya taratibu inatangulia kutandika, za haraka zinapita baadaye. Kwa hiyo una njia chache, zina bandari, zina ratiba, na mwenye ratiba ndiye mwenye habari.

Ila jihadhari na kitu kimoja. Ukiruhusu kupita mwanga ovyo, kila meli kwa mwendo wake na upande wake, Einstein anakufunga, kuna namna ya kuunganisha safari mbili ujumbe ukarudi kabla haujatoka. Mke mkubwa anapata habari ya harusi kabla ya posa. Mwanafizikia Hawking 1992 alipendekeza kwamba maumbile yenyewe yanalizuia hilo. Wewe zuia kwa kanuni, useme mapovu yote yanafuata saa moja tu ya pamoja ya mtandao, hakuna anayefika kabla ya saa hiyo kumruhusu.

KojaniKwetu:
Mungu akulipe ticha. Hilo la ratiba ndilo nililokuwa nalitaka. Kwa hiyo ikiwa nahodha anajua hakuna meli nyengine mpaka yake, yuko salama?

Yakhe_Mtupu:
Jamani subirini kwanza. Nimepekua alichowahi kuuliza huyu bwana humu. Mwaka jana kauliza namna ya kujificha wasapu watu wasione kuwa yupo hewani. Baadae kauliza simu gani ya laini mbili haipigi kelele laini ya pili ikiingia. Kabla ya Ramadhani kauliza bei ya kitanda cha sita kwa sita Unguja, na bei ya kitanda hicho hicho Chake Chake, Pemba. Hakuna Kasa wala Ngalawa hapa. Hadithi katunga jana ili mumsaidie kupanga boti.

Bi_Mashungi:
Nilijua! "Atamwambia mwenyewe kwa utaratibu." Mwandishi gani anamtetea nahodha wake hivyo?

KojaniKwetu:
Wallahi mnanionea. La wasapu nilimuulizia rafiki. Kitanda ni cha wazee. Mwandishi haruhusiwi kununua kitanda?

Mzee_wa_Kaskazi:
Viwili.

Darajani_Online:
Taja jina la grupu tuone kama lipo.

KojaniKwetu:
Grupu la kulipia hilo, si la kila mtu.

Shangazi_Konde:
Hodi humu ndani. Mie nimo kwenye hilo grupu, hadithi ipo na nailipia, msimsingizie. Harusi ya Ngalawa nililia. Ila nina neno. Kwenye kipande cha nne mke wa Kasa ana cherehani ya miguu, mguu mmoja umevunjika umetiwa kipande cha fenesi kikafungwa na mpira wa baskeli, akishona usiku inanesa na mtoto wa mwisho halali mpaka asikie inavyogonga. Mie hiyo cherehani nimeiona. Ukuta kwa ukuta na mie. Nikasema labda Mungu kaumba mbili. Sasa nikisoma haya ya vitanda…

Yakhe_Mtupu:
Lahaula.

Darajani_Online:
Akaunti ya Shangazi imefunguliwa leo. Mie naona hawa ni mtu mmoja, anajiuliza anajijibu ili uzi unoge. Tumeshapigwa.

Ticha_Wete:
Inawezekana. Lakini hesabu niliyoandika ni sahihi kwa vyovyote. Tena kuna mwanya hamjauona, hata kama meli ni moja tu, ndani yake mna mabaharia. Wakishuka bandarini wana midomo.

KojaniKwetu:
Mabaharia wake ni roboti ticha. Na Shangazi, naomba tuongee pembeni tafadhali, hadithi ni hadithi, mtu anachukua cherehani ya hapa anaiweka kule, ndio uandishi. Usimsomee mtu kitu kabla sijamaliza. Mie boti ya mwanzo ninayoipata ni Jumatano.

Bi_Mashungi:
Boti ya Jumatano ya Kasa au ya Mkoani?

Shangazi_Konde:
Keshausoma uzi wote toka juu, na cherehani kaizima ili asome vizuri. Kasema nahodha akiteremka apitie dukani achukue sukari kilo mbili, na kitanda cha Unguja aje nacho.