Kipa kwenye penalti: asome nyonga, mguu wa kusimamia, au achague upande mapema?

Golini_Igoma: Wakuu, habari za jioni. Nawanoa makipa vijana hapa Igoma, na kila mechi ikienda matuta ubishi ni uleule: macho yakae wapi? Kocha mwenzangu anasema nyonga. Mwingine anasema chagua upande, ruka. Mimi nashika mguu wa kusimamia, ule unaokanyaga kando ya mpira. Shuti la kilomita 100 kwa saa humaliza mita 11 kwa sekunde 0.4 hivi. Ukisubiri uone mpira umetoka ndipo uruke, nguzoni hufiki. Ninyi mnafundishaje?

Mkongwe wa Kirumba: Mguu wa kusimamia. Mwaka 2002 mtafiti Geert Savelsbergh na wenzake waliwapima makipa: wazoefu walikazia macho miguu na mpira, hasa mpigaji akikaribia kugusa, wasio wazoefu walihangaika na kiwiliwili, mikono na nyonga. Mpigaji wa kulia akikanyaga, ncha ya mguu wa kushoto mara nyingi inaelekea anakopeleka.

Nyegezi_Queens: Kaka, jaribio lile makipa walitazama filamu na kusukuma kijiti, hawakuruka. Nyonga nisingeitupa. Inajifungua mapema, inakupa muda, ila mpigaji mjanja anaizungusha kukudanganya. Mguu wa kusimamia hauongopi kirahisi kwa sababu umebeba uzito wote, lakini unatua kama robo sekunde tu kabla ya mguso. Kwa hiyo mabinti zangu nawaambia: nyonga ikuandae, mguu ukuamulie.

Pamba Damu: Rekodi nazo mnaziachaje? Robo fainali ya Kombe la Dunia 2006, Ujerumani na Argentina, kipa wa Ujerumani Lehmann alikuwa na karatasi ya kocha wake wa makipa Köpke yenye rekodi za wapigaji, akadaka penalti ya Ayala na ya Cambiasso.

Mkongwe wa Kirumba: Sawa mkuu, ila ligi ya mtaa nani anatunza rekodi za wapigaji?

Sengerema_Feri: Mmesahau kubaki katikati. Utafiti wa Bar-Eli na wenzake, 2007, penalti 286: asilimia 28.7 zilipigwa katikati, makipa waliobaki pale ni asilimia 6.3 tu. Kipa anaona bora afungwe akiwa ameruka kuliko akiwa amesimama, na hilo linaumiza timu. Panenka wa Chekoslovakia, aliyeuchopa mpira katikati kipa akiwa ameruka kwenye fainali ya Ulaya, aliligundua tangu 1976.

Golini_Igoma: Hoja nzito hiyo, na inanifanya nipinge kuchagua mapema kwa nguvu zaidi. Kuna wapigaji wanaokimbilia mpira huku wanamtazama kipa. Ukitikisika tu, umepelekwa sokoni. Ukitulia, mguu mmoja ukiwa kwenye mstari kama sheria inavyotaka, unamlazimisha aamue yeye, na akiamua kwa kuchelewa hata shuti linapungua nguvu. Anayepiga bila kukuangalia ndiye wa kusomwa mguu.

Nyegezi_Queens: Na wale wanaocheza peku mchangani?

Golini_Igoma: Dada, tazama vidole na goti la mguu huohuo, vyote vinageuka pamoja. Mazoezini nawaweka vijana golini bila kuruka kabisa: mpigaji akikanyaga, kipa anataja upande kwa sauti, basi. Kuruka kunaongezwa wakishaanza kupatia. Mwenye nafasi Jumamosi asubuhi aje na makipa wake, tuwachanganye wapigiwe na watu wasiowajua.

Sengerema_Feri: Nitavuka na wawili.