Naomba ushauri: baba huandika msaada wangu kama deni

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima. Ninaishi Nakuru, naye baba, mwenye umri wa miaka 79, yuko peke yake kijijini Vihiga tangu mama afariki. Ndiye aliyetufunza kwamba deni huandikwa siku ile ile lilipochukuliwa, na sasa somo hilo limenigeukia: kila ninapomtumia pesa kwa M-Pesa, huziandika kwa kalamu nyekundu katika daftari lake, kisha akipokea shilingi 2,000 za Inua Jamii (msaada wa serikali kwa wazee) hunirudishia sehemu, au hunipakilia gunia la mahindi kwenye matatu. (Mahindi yenyewe ni mazuri, sikatai.) Nilimlipia kibarua wa shamba kimyakimya, baba alipojua, alimlipa tena. Nilipomwomba ahamie kwangu, aliniuliza ng'ombe atakamuliwa na nani.

Je, mliowatunza wazazi wenye msimamo kama huu, mliwasaidia kwa njia gani bila kuwavunjia heshima? Na je, itafaa nimtume baba mdogo azungumze naye, au ataona nimemshtaki kwa ukoo?