Gari la dizeli la zamani linachemsha na taa ya injini inawaka: tupeane uzoefu

Mleta uzi: Wakuu, naanza mimi. Langu lilikuwa linachemsha mlimani tu, kwenye tambarare mshale wa joto unatulia. Kompyuta ya kupimia ikatoa msimbo wa hitilafu P0118, fundi akabadili sensa ya joto la maji, msimbo ukafutika. Mlima uliofuata likachemsha vilevile! Kumbe P0118 inalalamikia saketi ya sensa, mara nyingi waya uliokatika au soketi iliyolegea. Haisemi injini ni ya moto. Magonjwa yalikuwa mawili. Nilizima injini nikapapasa rejeta taratibu: pembeni moto, katikati ubaridi. Vijia vya maji ndani yake vimejaa kutu. Nyie yaliwakutaje?

Nozeli: Langu halina hata pa kuchomeka kompyuta. Ni Toyota ya miaka ya 1990. Unaunganisha TE1 na E1, matundu mawili ya soketi ya kupimia, kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kupiga stata, unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Mbili, kimya kidogo, mbili: 22, sensa ya maji. Panya alikuwa ametafuna waya. Geji haikuonyesha kitu kwa sababu ina sensa yake ya pekee.

Mzee Pistoni: Mimi sikuwa na msimbo wowote. Maji yanapungua, chini hakuna tone. Asubuhi moja nikawasha injini ya baridi, haikupita dakika mpira wa juu wa rejeta ukawa mgumu kama tairi. Gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Tulipofungua, hedi (kifuniko cha silinda) ina ufa kati ya valvu. Na fundi wa kwanza alikuwa ameshang'oa themostati, ile valvu inayoachia maji yaende kwenye rejeta yakishapata moto, akaitupa, eti ndiyo dawa!

Grisi: Mzee Pistoni, ungekuwa na moshi mweupe bila mpira kukaza, ningekwambia anza na kipoozeo cha EGR, kile kinachotumia maji ya injini kupoza moshi unaorudishwa kwenye silinda. Mimi nilishusha hedi bure, ikapimwa, nzima. Kipoozeo tulikitia upepo ndani ya ndoo ya maji, mapovu yakatoka.

Kipenga: Langu foleni linachemsha, likikimbia linapoa. Tatizo ni feni ya klachi, ile inayokazwa na mafuta ya silikoni injini ikipata moto. Injini ya moto ikiwa imezimwa, niliisukuma kwa kidole ikazunguka yenyewe mizunguko kadhaa. Silikoni ilishavuja.

Mleta uzi: Mzee Pistoni, themostati uliirudisha?

Mzee Pistoni: Niliirudisha mpya, ya nyuzi 82. Ila kabla ya kuifunga niliichemsha kwenye sufuria na kipimajoto, nione kwa macho yangu inafunguka.